Ukitaka sufu nzuri ya Angora, mlishe sungura akiwa amenyolewa
Na MWANDISHI WETU

IWAPO unafuga sungura wa Angora, au una mpango wa kuwanunua, bila shaka umekwisha kuambiwa mengi kuhusu makasi, vitana na vizimba. Hayo yote yana umuhimu wake. Lakini sufu haioteshwi na makasi. Huoteshwa na chakula, na kosa la wafugaji wengi katika jambo hili ni la wakati. Humjazia sungura hori anapokuwa amefunikwa na manyoya na kumpunguzia anapokuwa amenyolewa, ilhali ilistahili kuwa kinyume.

Ni kosa linaloeleweka. Sungura wa Angora mwenye sufu ya miezi mitatu hufanana na mto wa kulalia uliosahauliwa kizimbani. Ukimwona utadhani ni mnyama mkubwa, na mnyama mkubwa hupewa chakula kikubwa. Siku anaponyolewa hubakia kiumbe kidogo chenye masikio marefu, mithili ya panya aliyenyeshewa. Wenye nyumba humtazama, wakahurumia pesa zao, na yule aliyekuwa akipewa mkebe mzima sasa hupewa nusu. Baada ya miezi mitatu sufu inatoka nyepesi, fupi na yenye kukatika, na lawama zote zinaelekezwa kwa aliyewauzia mbegu.

Macho yako hayawezi kukuambia hali ya sungura huyu. Mnyama mwenye manyoya mafupi aliyekonda utamtambua kutoka mbali, lakini Angora anaweza kubakia mifupa mitupu chini ya sufu yake nawe usijue. Kwa hivyo zoea kupenyeza vidole katikati ya manyoya hadi uguse uti wa mgongo. Ukiusikia kama meno ya msumeno, huyo ana njaa hata kama anaonekana mnene kama mpira. Iwapo huusikii kabisa, umemlisha kupita kiasi, na jike wa namna hiyo hata kushika mimba kutamsumbua. Fanya hivyo kila wiki, sungura mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya dakika chache.

<b>Miezi mitatu</b>

Nywele za Angora hurefuka kwa takriban sentimita 2 kila mwezi. Kwa sababu hiyo, sungura hunyolewa kila baada ya siku 90 au 100, yaani mara nne kwa mwaka hivi. Ukichelewa mno, sufu huanza kung'oka yenyewe na kushikana kama jamvi, na jamvi halisokoteki.

Katika siku hizo 90 mahitaji ya sungura hayawi sawa. Mwezi wa kwanza yuko uchi. Joto la mwili linamtoka usiku na mchana, naye hana njia ya kulirudisha isipokuwa kwa kula. Mwezi wa pili ngozi imeanza kufunikwa na baridi haimsumbui tena, lakini huo ndio wakati sufu inapokua kwa kasi na kudai chakula chake. Ukifika mwezi wa tatu blanketi limekamilika, ukuaji unapungua, na sungura mwenyewe hula kidogo kuliko awali.

Kwa sungura mzima wa kilo 4 hivi, kadirio linalofaa ni gramu 170 hadi 180 za chakula kikavu kila siku katika miezi miwili ya kwanza, halafu gramu 140 hadi 150 katika mwezi wa tatu. Zingatia kwamba nasema chakula kikavu, na nyasi kavu zimo katika hesabu hiyo. Majani mabichi ni maji zaidi kuliko chakula. Kilo nzima ya majani ya viazi vitamu ikikaushwa hubakia gramu 200 tu au chini ya hapo. Ndiyo maana mtoto anaweza kurudi na gunia la majani kila jioni baada ya shule, na bado sungura wakalala na njaa.

Huhitaji kununua mizani kwa ajili hii. Chukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia hadi dukani, umwombe mwenye duka akupimie gramu 90 za chakula chako cha kuchanganya, kisha utie alama kwa msumari mahali kilipofikia. Kuanzia hapo mtu yeyote nyumbani anaweza kulisha bila kukisia.

Jambo hili la sungura aliye uchi lina uzito zaidi kwetu kuliko tunavyofikiri. Angora hawapendi joto. Hewa ikipita nyuzi 30 hula kidogo, na sufu hupungua, kwa hivyo mahali pao hapa Kenya ni nyanda za juu kama vile Limuru, Kinangop, Nyeri, Molo na Kericho. Lakini huko huko ndiko mwezi wa Julai unapomfanya mtu mzima avae makoti mawili. Sungura aliyenyolewa wiki hiyo, na aliyepunguziwa chakula, anaweza kupatikana amekufa asubuhi. Ni heri kupanga kalenda mapema. Ukinyoa katikati ya Februari, Mei, Agosti na Novemba, sungura ataingia Julai akiwa na sufu ya mwezi mmoja na nusu mwilini. Wa Agosti atahitaji sanduku lenye nyasi kavu za kulalia kwa wiki mbili za kwanza, na hori lisiloisha nyasi usiku.

<b>Salfa</b>

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Sufu ni protini karibu yote, ya aina ile ile inayopatikana katika kucha zako na nywele za kichwa. Protini hiyo ina salfa nyingi, na mwili wa sungura huipata salfa hiyo kutoka kwa viini viwili vya protini vinavyoitwa methionini na sistini. Chakula kinaweza kuwa na protini tele, lakini viini hivyo viwili vikikosekana, sufu husimama. Ni kama fundi wa nyumba aliyeletewa matofali lori kumi bila saruji.

Angora anayetoa sufu anahitaji chakula chenye protini asilimia 16 hadi 17 kwa jumla, na methionini na sistini zikiwekwa pamoja zifikie gramu 7 au 8 katika kila kilo ya chakula. Sungura wa nyama hutosheka na pungufu ya hapo. Kwa hivyo peleti za kawaida zilizotengenezewa sungura wa nyama zitamweka Angora wako hai na mwenye afya, lakini huenda zisitoe sufu unayoitarajia.

Je, vitu hivi hupatikana wapi? Kati ya vyakula ambavyo mfugaji mdogo anaweza kuvipata, mashudu ya alizeti ndiyo yenye methionini ya kutosha. Soya ina protini nyingi kuliko alizeti lakini ni maskini wa methionini, kwa hivyo usiitegemee peke yake. Tena soya haipewi mnyama ikiwa mbichi. Ikaange kwanza, kwa sababu mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni. Mashudu ya pamba ni ya bei nafuu, lakini yana sumu yake, nami singempa sungura wa kuzaa.

Mchanganyiko ambao unaweza kuutengeneza nyumbani ni huu: kwa kila kilo 100, weka pumba za ngano kilo 45, mashudu ya alizeti kilo 22, pumba za mahindi kilo 20, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 10, kisha kilo 3 zilizobaki ziwe madini ya mifugo pamoja na chumvi kidogo, isiyozidi nusu kilo. Kwa makadirio utapata protini asilimia 18 hivi. Mpe sungura gramu 90 za mchanganyiko huo kwa siku katika miezi miwili ya kwanza, na gramu 60 katika wa tatu. Kiasi kilichobaki kijazwe na nyasi kavu na majani.

Mchanganyiko wa unga una tatizo lake. Vumbi humwingia sungura puani na unga huganda kwenye manyoya ya shavuni. Unyunyizie maji kidogo, kiasi cha kushikana tu, na umpe kile atakachomaliza kabla ya jioni. Unga uliolowa ukilala usiku kucha huchacha.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kutumia chakula cha kuku wa mayai, kwa kuwa kinapatikana kila duka. La hasha. Kwanza kina chokaa nyingi mno kwa ajili ya maganda ya mayai, na chokaa hiyo huharibu figo na njia ya mkojo ya sungura. Pili, baadhi ya vyakula vya kuku hutiwa dawa za kuzuia koksidia ambazo kuku huzistahimili lakini sungura huweza kufa kwazo. Duka lenye chakula cha kuku kwa kawaida huwa na pumba na mashudu pia, kwa hivyo hakuna sababu ya kujitia hatarini.

Isitoshe, usimpe sungura kitu chochote kilichoota ukungu kwa kudhani kwamba ni mnyama tu. Mnamo 2004, mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui. Sumu hiyo hiyo huharibu ini la sungura, tena kwa kiasi kidogo zaidi kwa vile mwili wake ni mdogo.

<b>Nyasi kavu</b>

Ukimwuliza mfugaji ni chakula gani bora atakutajia peleti. Mimi ningetaja nyasi kavu. Bila nyasi, peleti na mchanganyiko wako wote ni hatari, na sababu iko kwenye sufu yenyewe.

Sungura hujilamba kama paka. Angora akijilamba humeza nywele ndefu, na tofauti na paka, sungura hawezi kutapika. Kila kilichoingia lazima kipite hadi mwisho. Nyuzinyuzi za nyasi ndizo zinazozisukuma nywele hizo. Zikikosekana, nywele hujikusanya tumboni zikawa donge, sungura anaacha kula, kinyesi chake kinakuwa kidogo au kinatoka kimeunganishwa kama shanga kwenye uzi. Ukiona shanga hizo, usingoje. Ondoa chakula cha kuchanganya, mwachie nyasi kavu na maji, na umtembeze sakafuni. Akiwa amekwisha kuacha kula kabisa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wafugaji wa Ufaransa, ambao wamewafuga Angora kwa ajili ya sufu tangu karne ya 18, wana desturi ambayo kila mmoja wetu angeweza kuiiga bila gharama yoyote. Siku moja kila wiki sungura hanyimwi nyasi wala maji, lakini hapewi chakula kingine. Tumbo linapata nafasi ya kusukuma nywele zilizobaki. Chagua siku isiyosahaulika. Jumapili inafaa, kwani hata wewe utapata kupumzika. Wanaonyonyesha na watoto wasiingizwe katika mfungo huu.

Wapo wanaoamini kwamba papai au nanasi huyeyusha nywele tumboni. Imani hii imeenea sana na haina msingi. Viyeyushi vilivyomo katika matunda hayo haviwezi kuvunja nywele. Kipande kidogo cha papai hakitamdhuru sungura, lakini asipewe badala ya nyasi.

Nyasi za boma rhodes zilizokatwa kabla hazijakomaa na kukaushwa vizuri zinatosha kabisa. Zipime kwa pua. Nyasi nzuri hunukia kama majani ya chai, zina rangi ya kijani iliyofifia, na hazitoi vumbi ukizipiga. Zilizogeuka njano kama makuti ni za kulalia tu. Ukiweza kupata alfalfa iliyokaushwa, ichanganye nusu kwa nusu na rhodes, kwani ina protini mara mbili ya nyasi za kawaida. Na uweke akiba Desemba, wakati kuna nyasi. Sungura aliyenyolewa Februari atakuwa uchi katikati ya kiangazi, na bei ya robota wakati huo unaijua.

Namna ya kuziweka nyasi nayo ina maana. Wengi hufunga kitita juu ya kichwa cha sungura ili avute kutoka juu. Kila anapovuta, mabua na vumbi humwangukia shingoni na mgongoni, nayo hayo hayatoki kwenye sufu ya Angora kirahisi. Sufu ya shingo iliyojaa takataka huuzwa kwa bei ya chini, au msokotaji huikataa. Weka hori la nyasi nje ya kizimba, usawa wa mdomo, avute kwa mbele. Na usizikatekate nyasi. Ndefu ni bora.

<b>Majani</b>

Mtu mwenye robo eka anaweza kulisha Angora wake kwa sehemu kubwa kutoka shambani, mradi ajue anachokikata. Majani ya viazi vitamu ni mazuri mno. Majani ya mforosadi ni mazuri zaidi, yana protini nyingi na sungura huyapenda kupita kiasi; mti wenyewe huoteshwa kwa kijiti na haukasiriki kukatwa. Kishona nguo na mchunga, ambayo ni magugu ya kung'olewa bure, pia yanafaa. Yote haya yaache yanyauke kivulini kwa nusu siku kabla ya kuyatoa. Majani yenye umande au mvua, yakiliwa kwa pupa, huleta gesi na kuhara, na Angora anayehara hupoteza sufu yote ya nyuma, si kwa ugonjwa tu bali kwa uchafu.

Usikate nyasi za kando ya barabara mahali mbwa wanapojisaidia, maana sungura huambukizwa minyoo ya mbwa kwa njia hiyo. Majani ya avokado ni sumu. Majani ya viazi vya kizungu na ya nyanya vilevile. Kabeji na sukuma wiki si sumu, lakini zikiwa ndizo chakula kikuu sungura atafura tumbo. Kuna wanaosema kabeji ina salfa na kwa hivyo huzidisha sufu. Ni kweli ina salfa, lakini si katika umbo ambalo sungura anaweza kulitumia kutengeneza nywele.

Mti mmoja unahitaji onyo la pekee. Ni lusina, ambao wakulima wengi wameupanda kama lishe ya ng'ombe na mbuzi. Majani yake yana protini nyingi, na juu juu yangeonekana kuwa jibu la tatizo lako. Lakini yana kitu kinachoitwa mimosini, na kazi ya mimosini ni kuzuia unywele usikue kwenye shina lake hadi ukang'oka. Huko Ufaransa, wafugaji wamewahi kutumia chakula maalumu chenye mimosini kwa makusudi, ili sufu iachie ngozi yenyewe na kukusanywa kwa mkono wakati wake ukifika. Wao walijua kipimo na siku. Wewe ukimpa sungura wako lusina kila siku, sufu itamwagika kizimbani katikati ya mwezi wa pili nawe utadhani ni ugonjwa. Kalandra, mti ambao wakulima wa Embu na sehemu nyingine za mlima Kenya wameupanda kwa wingi tangu miaka ya 1990, hauna mimosini. Hata hivyo majani yake ni makali kama chai ya rangi iliyokolea, na ukali huo huifunga protini isisagwe. Konzi moja kwa siku si mbaya, lakini gunia zima litaharibu hesabu yako yote.

Unapobadilisha chakula chochote, badilisha polepole kwa muda wa wiki nzima. Tumbo la sungura lina vijidudu vyake vinavyosaga majani, na vijidudu hivyo havipendi mambo ya ghafla. Usishangae pia ukimwona sungura akiinama alfajiri na kula kinyesi laini kutoka nyuma yake mwenyewe. Si uchafu wala ukosefu wa chakula. Ndivyo anavyopata vitamini na sehemu ya protini yake. Ukikuta kinyesi hicho laini kimeachwa au kimeganda kwenye manyoya, ujue amelishwa pumba nyingi na nyasi kidogo.

<b>Maji</b>

Sungura asiye na maji haendelei kula chakula kikavu, hata kiwe kitamu vipi. Angora anayekula nyasi na mchanganyiko hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula hicho, yaani theluthi moja ya lita na zaidi kwa siku, na zaidi ya hapo kukiwa na jua. Bakuli la wazi humlowesha kidevu, na sufu iliyolowa kila siku hugeuka njano na kuoza. Chupa yenye mrija wa chuma ni bora. Asubuhi za Julai bonyeza mrija kwanza uone kama maji yanatoka.

Jike anayebeba mimba au kunyonyesha hatakupa sufu ya maana, na usimlaumu. Chakula kile kile kinagawanywa kwa watoto kwanza. Ukitaka sufu, watenge majike wachache kwa uzazi na uwaache wengine wasizae. Kwa bahati nzuri majike wasiozaa ndio wanaotoa sufu nyingi, kupita madume.

<b>Daftari</b>

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa Angora jambo hili ni la kweli kabisa. Sungura mmoja atakula kiasi cha kilo 15 za chakula kikavu kati ya kunyolewa na kunyolewa. Wazao bora wa Kijerumani, wakilishwa ipasavyo, hutoa zaidi ya kilo 1 ya sufu kwa mwaka, yaani gramu 250 au zaidi kila mara. Wale wa Kiingereza, wenye manyoya masikioni ambao watoto huwapenda, hutoa gramu 250 hadi 400 kwa mwaka mzima.  Kabla ya kununua, chukua bei ya pumba na mashudu katika soko lako, uzidishe, ugawanye kwa sufu, uone kila gramu 100 inakugharimu pesa ngapi.

Nasema hivi kwa sababu wengi wamewahi kuumia. Miaka ya 2010 watu walijenga vizimba kwa mikopo kwa kuambiwa kwamba nyama ya sungura ina soko lisilojaa, na wengi wakabaki na sungura wasio na mnunuzi. Sufu ya Angora ni ngumu zaidi. Karibu yote inayouzwa duniani hutoka China, na mwaka 2013 picha za video zilizoonyesha sungura wa huko wakinyonyolewa wakiwa hai huku wakilia zilifanya maduka makubwa ya nguo, H&M likiwa mojawapo, kuacha kuuza nguo za sufu hiyo. Hapa kwetu hakuna mnada wa Angora wala kiwanda kinachongoja mlangoni. Anayefaulu ni yule anayesokota mwenyewe, au aliye na kikundi cha kina mama wasokotaji karibu naye, na anayeweza kumwonyesha mnunuzi kwamba sungura wake hunyolewa kwa makasi bila kuumizwa. Kama huna mnunuzi wala gurudumu la kusokotea, anza na sungura wawili au watatu, si ishirini.

Katika daftari lako kila sungura awe na ukurasa wake. Andika tarehe ya kumnyoa, uzito wa sufu, uzito wa mwili baada ya kunyolewa, na chakula ulichompa. Tenganisha sufu ya mgongo na ubavu, ambayo ndiyo ndefu na safi, na ile fupi ya tumbo na miguu, na kila moja uipime peke yake. Ukibadilisha chakula mwezi wa Mei, jibu utalipata Agosti, wala si kabla. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Baada ya kunyoa mara tatu kurasa hizo zitakuonyesha jambo ambalo macho hayawezi. Utakuta wawili waliokaa vizimba jirani, wamekula mkebe ule ule wenye alama ile ile ya msumari, mmoja ametoa gramu 220 na mwenziwe 90. Huyu wa 90 umwongezee chakula katika miezi miwili ya kwanza, umchunguze meno, masikio na kinyesi, umpe nafasi ya mara moja zaidi. Akirudia yale yale, mwondoe miongoni mwa wa kuzaa, watoto wasije wakamrithi. Nyama ya Angora haina tofauti na ya sungura mwingine yeyote, na huiva haraka.